Lanchi ya Jumatano na wale wasioweza kuja

Kuna jirani yangu wa duka hapa Kariakoo aliamini kabisa mi ni Freemason. Manake kila Jumatano ikifika saa sita na kitu naacha kazi kwa vijana, nabandika beji ndogo ya gurudumu kwenye gauni, napanda mwendokasi naenda Posta, afu saa nane na nusu narudi nimeshiba na wala sisemi nilikua wapi. Akajumlisha mwenyewe, hoteli kubwa, beji, watu wenye magari, na kuna mtu alimwambia huko ndani kunagongwa kengele, basi jibu analo. Siku moja nikamwambia twende wote ukaone, akasema damu yake haiuzwi. Nikambembeleza, nikamlipia nauli, akaja, akakuta watu wazima wanabishana kuhusu matundu ya vyoo vya shule, akala kuku, akarudi amenuna kidogo, nadhani alitegemea makubwa.

Kwaiyo leo ngoja niandike kuhusu ile lanchi ya Rotary, yaani klabu ya kimataifa ya watu wa kazi na biashara mbalimbali wanaojitolea kwenye miradi ya jamii (lile gurudumu la beji ndo nembo yake), kwa sababu naulizwa sana na wengi wanaamini kazi yetu ni kula tu, na pia kwa sababu mwenyewe nina dukuduku na hiyo lanchi na nimechoka kulisemea pembeni.

Tunaanza saa saba kamili, na ni kamili ya saa kweli, sio ile kamili ya kwenye kadi za harusi (nazichapa mimi hizo kadi, najua ninachosema). Rais wa klabu anagonga kengele, tunasimama wimbo wa taifa, mtu mmoja anaomba sala fupi ambayo kila dini inaweza kuitikia amina, afu watu wanaenda kupakua. Tukishakaa wageni wanatambulishwa, katibu anasoma matangazo, anakuja mzungumzaji wa siku anapewa dakika ishirini, maswali, kengele tena saa nane, kwisha. Kabla ya kengele ya mwisho tunasema kwa pamoja yale maswali manne, je ni kweli, je ni haki kwa wote wanaohusika, je italeta nia njema na urafiki bora, je itakua na manufaa kwa wote. Yaliandikwa 1932 na jamaa anaitwa Herbert Taylor aliyekua amepewa kampuni ya masufuria huko Chicago iliyokua inakaribia kufilisika, akayatumia kwa wafanyakazi wake kwanza, baadae Rotary wakayachukua. Nashikilia sana lile swali la pili, nitalirudia chini.

Kuhusu chakula, kila mtu analipa mfukoni kwake, hakuna hata shilingi ya mradi inayoingia kwenye sahani ya mtu, hilo liwe wazi. Ila bei ndo hiyo, bafe ya hoteli ni elfu arobaini na kitu, kwa hela hiyo kwa mama ntilie wa mtaani kwangu nakula wali maharage na kachumbari karibu wiki mbili. Na ukweli ni kwamba maharage ya mama ntilie yana nazi, ya hoteli yana maji.

Sehemu ninayoipenda mimi ni ya sajenti. Sajenti ni mwanachama ambaye kazi yake ni kutuliza ukumbi na kutoza faini, na anatoza kwa kitu chochote. Simu ikilia, faini. Hujavaa beji, faini. Umechelewa, faini, na usimwambie foleni maana wote tumepita humohumo. Jina lako limetoka gazetini faini, hata kama umesifiwa, tena ukisifiwa ndo inapanda. Umenunua gari jipya unalipa na ukijifanya hujanunua unalipa mara mbili. Kuna mzee wetu mmoja alitozwa kwa sababu alinyoa ndevu bila kutoa taarifa. Na umekaa na watu walewale wa wiki iliyopita, faini, hiyo ni ya maana kuliko zote na nitaeleza kwa nini. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye kikoba hashangai haya, mahudhurio yanaandikwa, mchelewaji analipa, kuna katiba, kuna mweka hazina anayeshukiwa bure, kuna mtu mmoja anayeongea kuliko wote. Tofauti ni moja tu, kwenye kikoba mwisho wa mwaka mnagawana, huku hela ikienda imeenda.

Inaenda wapi? Za faini kwetu zinaenda polio. Rotary walianza rasmi kampeni ya polio dunia nzima 1985, miaka mitatu baadae Shirika la Afya Duniani, UNICEF na wengine wakaingia, wakati huo polio ilikua inapooza watoto zaidi ya laki tatu kwa mwaka. Afrika ilitangazwa haina tena kirusi cha polio cha asili tarehe 25 Agosti 2020, katikati ya korona, ndo maana wengi hata hawakusikia.

Sasa habari ya kula pamoja. Rotary yenyewe ilianza Chicago tarehe 23 Februari 1905, wanaume wanne kwenye ofisi ya mmoja wao, chumba namba 711. Paul Harris mwanasheria, Gustavus Loehr mhandisi wa migodi, Silvester Schiele muuza makaa ya mawe, na Hiram Shorey, fundi wa kushona nguo. Naomba mtunze hilo la fundi nguo kichwani. Walikua hawana mpango wa kusaidia mtu, walitaka urafiki na biashara, mji mkubwa hamjuani, basi kila mmoja wa kazi yake wanakutana kwa zamu kwenye ofisi zao. Mwanachama wa tano alikua Harry Ruggles, mchapaji, yaani kazi yangu mimi, na yeye ndo alileta kuimba kwenye mikutano (kwetu tunaimba pia, vibaya). Huduma ilikuja baadae kidogo, na kazi ya kwanza waliyoishupalia kuanzia 1907 ilikua vyoo vya umma katikati ya mji wa Chicago. Vyoo! Kwaiyo jirani yangu alipotukuta tunabishania vyoo alikuta mila na desturi kabisa. Nairobi walikua na klabu tangu 1930, na leo ukienda mji wowote mkubwa wa Afrika Mashariki hukosi.

Turudi mezani. Mi nilipoingia nilidhani maamuzi yanafanyika kwenye zile dakika za matangazo, kumbe pale ni kusomewa tu, maamuzi yanafanyika watu wakiwa na uma mkononi. Nitoe mfano. Kuna shule ya msingi upande wa Mbagala tulitaka kuijengea vyoo. Mwongozo wa serikali ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25, shule yao ilikua mbali mno na hapo, watoto wanapanga foleni mapumziko nzima. Tulikua tumeshakubaliana mashimo ya kawaida, makadirio yapo, mkandarasi yupo. Siku hiyo mwalimu mkuu alikua mgeni wetu na sajenti alikua ametutawanya, kwaiyo mwalimu akajikuta meza moja na mzee wetu aliyestaafu uhandisi wa maji, ambaye kwa kawaida anakaa kule pembeni na rafiki zake wa zamani wanaongelea Yanga. Mzee akamuuliza tu kwa mazungumzo, mwalimu, masika yakija maji ya chini pale kwenu yanafika wapi. Mwalimu akasema yanafika juu mzee wangu, mashimo ya sasa yanafurika hadi uwanjani.

Mzee akaweka kijiko chini. Akavuta tishu, akaomba kalamu, akaanza kuchora pale pale, akasema mkichimba mtakua mmechimba kisima cha kinyesi, jengeni juu, tanki la matofali lililosakafiwa, vyoo vipandwe kwa ngazi. Dada mmoja wa benki akauliza likijaa nani analipa kunyonya, na gari la majitaka litafika? Mkandarasi akasema barabara ya nyuma ni nyembamba, gari haliingii, basi tanki likae upande wa geti. Mi nikaangalia ile tishu nikasema mbona wasichana hawana chumba cha kujistiri wakiwa kwenye siku zao, wanaume wote wanne wakatazamana. Kikachorwa. Yaani wali haujapoa mradi umebadilika, na ile tishu imechafuka na mchuzi lakini mchoro uliojengwa ndo ule. Kwa barua na vikao vya kamati tungekuja kujua masika ya mwaka unaofuata, wakati watoto wanakanyaga.

Ndo maana nasema faini ya kukaa na watu walewale ina akili. Na ndo maana siwezi kumdharau mtu anayetetea lanchi.

Ila sasa.

Wiki chache baada ya hapo tulikua na mzungumzaji, muuguzi kutoka kituo cha afya cha serikali, mama wa makamo, mpole, kavaa sare yake nyeupe. Alikuja kuongelea chanjo za nyumba kwa nyumba za 2022. Kama mnakumbuka, Februari mwaka ule Malawi walimpata mtoto mwenye polio Lilongwe, kirusi kikaonekana kina undugu na cha Pakistan, yaani kimeingia kutoka nje ya Afrika, nchi jirani zote ikabidi zichanje watoto wa chini ya miaka mitano upya, na sisi tukaanza na mikoa ya kusini inayopakana nao. Akatusimulia wanavyotembea na kile kisanduku cha barafu begani, matone mawili mdomoni, kidole cha mwisho cha mtoto kinapakwa wino ili asirudiwe, nyumba inaandikwa chaki mlangoni. Akatusimulia wamama wanaoficha watoto uvunguni, na jinsi alivyojifunza kuanza na bibi wa nyumba badala ya mama, manake bibi anakumbuka watoto waliopooza enzi zake, mama hajawahi kuwaona. Hakuna mtu aliyeshika simu. Tulimpigia makofi hadi wahudumu wa hoteli wakachungulia.

Rais wetu akasimama, akasema sista tunakukaribisha ujiunge na sisi, watu kama wewe ndo tunaowatafuta. Yule mama akashukuru, afu akauliza taratibu tu, mnakutana saa hizi kila wiki? Tukasema ndio. Akatabasamu, akasema hapa leo nimekuja na barua ya ruhusa ya mganga mkuu wa wilaya.

Kimya. Kengele ikagongwa.

Na mi tokea siku ile nikianza kuangalia meza zetu sioni kingine. Wakili, mhasibu, meneja, wakili, mkandarasi, mwenye hoteli, wakili, daktari mwenye kliniki yake. Watu wazuri, siwasemi vibaya, lakini wote wana kitu kimoja, hakuna anayewauliza saa saba mchana mnaenda wapi. Mi mwenyewe nipo kwa sababu duka ni langu na nina vijana wa kuniachia mashine. Mwalimu je, ana kipindi. Muuguzi ana zamu. Askari ana lindo. Fundi cherehani, yule wa Chicago aliyekua mmoja wa wanne wa mwanzo, akija leo na cherehani lake la pale Mtaa wa Congo akaacha wateja masaa mawili, alipe na elfu arobaini, atakuja mara ngapi? Saa moja ya mkutano kwa jiji letu ni nusu siku, kutoka Tegeta hadi Posta na kurudi mchana umeshaoga jasho mara mbili. Hatukuandika popote kwamba hatutaki watu wa mshahara mdogo. Saa ndo inawakataa kwa niaba yetu, tena kwa adabu.

Kinachonifurahisha ni kwamba ule mkutano wa kwanza wa 1905 ulikua jioni. Harris na Schiele walitoka kula chakula cha usiku ndo wakatembea hadi ofisini kwa mwenzao. Lanchi imekuja baadae. Kwaiyo mtu akiniambia tusiguse asili, namuuliza asili ipi.

Na hawa jamaa wanajua kubadilika wakibanwa. Wanawake hatukua tunaruhusiwa humu. Klabu moja ya Duarte, California, iliingiza wanawake 1977, wakanyang'anywa uanachama wa Rotary, kesi ikaenda hadi Mahakama Kuu kabisa ya Marekani ambayo tarehe 4 Mei 1987 ikasema hamuwezi kuwazuia, na 1989 Rotary wakabadilisha katiba kwa dunia nzima. Rais wa kwanza mwanamke wa Rotary duniani, Jennifer Jones wa Canada, aliingia 2022, fikiria. Chumba cha wasichana pale Mbagala kingekuja vipi kama meza ile ingekua ya 1976? Kuhusu mikutano nako, tangu 2016 klabu zimepewa uhuru, sio lazima kila wiki, sio lazima ana kwa ana, sio lazima kula. Kuna klabu zinakutana jioni, zingine asubuhi na chai, na baada ya korona kuna zinazokutana mtandaoni tu. Hakuna anayetushika mkono.

Tena ushahidi tunao wenyewe na tunaurudia kila mwaka bila kuuona. Klabu yetu karibu nusu ni Waislamu, kwaiyo Ramadhani lanchi inasimama, tunakutana jioni baada ya futari, nyumbani kwa mwanachama mmoja Upanga, kila mtu anakuja na sufuria lake. Mihogo ya nazi, magimbi, tambi, kaimati, uji wenye pilipili manga. (Mi Mlutheri na mihogo ile nakula kuliko waliofunga.) Mwaka huu nikamwalika yule muuguzi, akaja akitoka zamu, na akaja na mwalimu mwenzake wa kwaya. Kijana anayetutengenezea AC za dukani akaja. Watu wakajaa hadi barazani. Na yule kijana wa AC ndo alisema friji za chanjo kwenye zahanati nyingi zinakufa kwa sababu umeme unakatika na kurudi kwa nguvu, hakuna kifaa cha kuzilinda, akataja na bei Kariakoo ni ngapi, muuguzi akasema yetu imekufa hivohivo. Hilo nalo limeshakua mradi, vifaa vimeshanunuliwa. Kwenye lanchi lingesemwa na nani?

Basi nikapeleka hoja kwamba baadhi ya mikutano ihamie jioni. Nikauliza lile swali la pili, je ni haki kwa wote wanaohusika, wengine wakacheka wakidhani natania, sajenti akanitoza kwa kutumia maswali matakatifu kama silaha. Nililipa.

Wanaopinga wana hoja nzito, siwezi kuwanyima. Wazee wetu usiku hawaoni vizuri barabarani, na foleni ya jioni ya Bagamoyo Road sio ya kumtakia mzee. Wamama wenye watoto wadogo jioni ndo muda mgumu zaidi, hilo sikuwa nimelifikiria hadi dada wa benki aliposema, yeye mchana ana dada wa kazi, jioni ni yeye. Na mweka hazina akasema kitu kilichonikaa, kwamba lanchi ina nidhamu kwa sababu kila mtu saa nane ana sehemu ya kuwa, jioni mtu ataagiza bia, mwingine ataagiza mbili, saa tatu usiku bado tunasoma matangazo. Kweli kabisa, naijua klabu moja iliyoishia hivo, sasa hivi ni meza ya marafiki tu.

Nilichopendekeza ni kugawanya, Jumatano mbili za mwezi mchana palepale hotelini kwa anayeweza, mbili jioni saa kumi na mbili, sio hotelini, chai na vitafunwa, sambusa na kashata zinatosha, kengele ya mwisho saa moja na nusu na baa iwe mbali. Mahudhurio yahesabike popote ulipoenda. Mzee wa tishu ameniunga mkono kwa sharti apatikane mtu wa kumrudisha nyumbani Mikocheni, na kijana wa AC ana bajaji, wameshaelewana. Dada wa benki bado hajaamua. Mawakili wamegawanyika, kama kawaida yao wanataka kusoma katiba kwanza.

Kura ni mwezi wa sita, kabla rais mpya hajaingia tarehe 1 Julai. Karatasi za kura nimesema nitachapa bure, mweka hazina akadai zihesabiwe mbele yake kabla hazijatoka dukani kwangu.